Boti ya Mtumba

4 Machi

Kaka,

Shikamoo. Kwenye simu unakata kila nikianza kukuuliza jambo, kwa hiyo nimeona niandike. Karatasi huwezi kuikata.

Huku hatujambo. Wapwa zako wamefungua shule. Mkubwa ameota ndevu mbili tatu na anazipaka mafuta kila asubuhi. Mdogo amegoma kufanya hesabu za kugawanya, anasema yeye hagawi kitu chake na mtu. Shemeji yako bado yuko kwenye ujenzi wa barabara, na barabara yenyewe ndiyo hii yetu ya kuzunguka ziwa. Wameichimba yote kwa pamoja, basi linatumia nusu siku kufika mjini na ukishuka hata mamako hakutambui kwa vumbi. Mama hajambo, anakusalimu sana.

Sasa kaa chini. Nimenunua boti. Ni boti ya faiba, ya mtumba kama nguo za mtumba, yenye injini ya kufunga nyuma. Aliyeniuzia ni mpima ardhi mstaafu. Ubavuni imeandikwa USINIULIZE kwa rangi nyekundu, na yeye mwenyewe nilipomuuliza kwa nini anaiuza akatazama pembeni, akasema mgongo unamsumbua.

Tatizo ni hili. Asubuhi inawaka vizuri, mvuto mmoja tu. Natoka ufukweni nikijisikia malkia. Nikifika katikati na kuongeza moto, inakohoa, inalegea, inazima. Nikikaa kitako nikingoja, inawaka tena kama haikuwa yeye. Juzi nimepiga kasia kwa ubao wa kupigia pasi. Watu wa ufukweni walikuwa wamejipanga kuangalia kama vile wamelipa kiingilio.

Niambie nifanye nini, na ujibu upesi. Naihitaji iwe ya kutegemewa.

Mdogo wako.


27 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikacheka mpaka mwenzangu wa kitanda cha juu akaniuliza kulikoni. Mara ya pili sikucheka. Fundi cherehani na boti, wapi na wapi? Sare za shule zimeanza kuvaliwa na samaki?

Wasalimie wapwa zangu. Yule wa ndevu mwambie asubiri ziwe za kunyoa ndipo azione taabu. Mimi nipo melini kama kawaida, kelele na joto, mpishi wetu ni yuleyule, na uji wake unaweza kuziba tundu la meli.

Haya, boti. Unasema inakufa kama mtu aliyebanwa pumzi, basi imebanwa pumzi. Tazama kifuniko cha tangi la petroli. Juu yake kuna skrubu ndogo ya kupitisha hewa. Ikifungwa, injini inavuta mafuta na tangi linakaa bila hewa, mwisho halitoi tena. Ukingoja, hewa inapenya kidogo kidogo, inawaka. Ifungue kabla ya kutoka, ukirudi uifunge.

Halafu chota mafuta ya chini kabisa ya tangi, weka kwenye chupa nyeupe, uyaache yatulie. Ukiona chini yamejitenga maji, mwaga yote. Usimwonee huruma mpima ardhi. Osha tangi, badilisha chujio.

La mwisho, injini ikiwaka, nyuma yake lazima utoke uzi wa maji. Ndiyo pumzi yake ya kujipoza. Huo uzi ukikatika, zima palepale hata kama uko katikati ya mawimbi. Usijidanganye kwamba utafika kwanza.

Na sasa nakuuliza mimi: una haraka gani na hilo ziwa? Nguo haziozi. Basi lipo, hata kama ni la vumbi.

Kaka yako.


19 Aprili

Kaka,

Shikamoo, na pokea heshima zako zote. Skrubu ilikuwa imekazwa kwa koleo! Na kwenye chupa maji yalikuwa robo nzima, yamekaa chini yanang'aa. Nimeosha, nimebadilisha, injini inaimba.

Iliimba wiki mbili. Jumanne uzi wa maji ukakatika. Nikakumbuka maneno yako, nikazima. Upepo ukaanza kutusukuma kwenye matete. Nikainama nikachungulia lile tundu la kutolea maji na kumbe nyigu wa udongo wamejenga humo nyumba yao, na mlango wameuziba. Nilikuwa na sindano ya mashine kwenye kola ya gauni, ile nene ya kushonea turubai. Nikachokonoa, nikawasha, uzi huo ukatoka. Nilipiga kelele za furaha mpaka abiria wangu akaniambia nisimtingishe, alikuwa ndiyo kwanza amepata joto kwenye blanketi.

Kuhusu haraka yangu na ziwa, wateja wa ng'ambo ni wengi siku hizi. Jumanne na Ijumaa ndizo siku zao.

Mama hajambo, anapumzika sana. Anakutumia salamu nyingi sana. Mdogo amekubali kugawanya, lakini namba zisizobakiza tu.

Kuna kitu kingine, labda si kitu. Ule ubao wa nyuma unaobeba injini, nikiugonga kwa mpini wa nyundo upande wa kushoto unalia vizuri, kulia unalia kama tikiti lililoiva kupita kiasi. Na injini inacheza kidogo nikikata kona, hata nikikaza boliti. Nizikaze kwa nguvu zaidi?

Mdogo wako.


5 Mei

Mdogo wangu,

Usikaze. Usitoke na hiyo boti. Sijatoa salamu, nitazileta siku nyingine.

Ubao huo umeoza ndani. Nje unaona faiba nzuri, ndani mbao zimekunywa maji miaka na zimekuwa ugoro. Fungua boliti moja ya chini. Yakitiririka maji ya kahawia, huna ubao, una sifongo. Siku utakayoongeza moto kwenye mawimbi, injini itang'oka na kuondoka na sehemu ya nyuma ya boti, na maji hayatakuuliza unakwenda wapi.

Iburute nchi kavu. Leo, si kesho.

Sasa nijibu. Nani huyo wa kwenye blanketi? Mteja gani wa sare za shule anayekwenda kupimwa nguo amejifunika blanketi, kila Jumanne na Ijumaa, msimu wa joto? Na salamu za mama unaniandikia kwa maneno yako. Mama hajawahi kunitumia "salamu nyingi sana" tangu anizae. Mama husema, "Mwambie ale," basi. Mpe kalamu aandike mwenyewe hata mstari mmoja.

Kaka.


2 Julai

Kaka,

Shikamoo. Najua nimekaa kimya. Umeandika mara mbili tangu hapo na nimezisoma zote mbili nikiwa nimesimama.

Barua yako ya Mei ilifika Alhamisi. Nilifungua ile boliti kama ulivyosema. Maji yalitoka ya kahawia, yananuka. Nilikaa mchangani nikaitazama. Na kesho yake ilikuwa Ijumaa.

Ni mama. Figo zake zimechoka tangu mwaka jana. Anasafishwa damu kwenye hospitali ya ng'ambo, Jumanne na Ijumaa, anafungwa kwenye mashine asubuhi anatoka mchana. Kwa basi alikuwa anafika amekwisha, na akirudi siku nzima inayofuata hainuki. Kwa boti ni muda wa kunywa chai na kuirudia. Ndiyo haraka yangu hiyo. Yeye mwenyewe alinikataza kukwambia. Alisema, "Yule akijua atakuja kunikalia pembeni ananitazama kama saa ya ukutani, na mimi nitakosa raha ya kuugua."

Ijumaa ile nikajiambia, mara moja tu, polepole, ziwa limelala. Lilikuwa limelala kweli tulipotoka. Katikati upepo ukaamka. Nikaongeza moto kidogo, kidogo tu, nikasikia mlio kama mtu anapasua kuni. Nikageuka nikaona injini inaniinamia kwa nyuma na maji yanaingia kwenye ufa.

Nilikuwa nimebeba jora zima la kaki. Nikalifungua, nikalizungushia injini, nikapeleka kitambaa hadi kwenye pete ya chuma ya mbele ya boti, nikavuta kwa mwili wote. Nilipogeuka kumwangalia mama, alikuwa amekwishatupa blanketi. Amepiga magoti majini, anachota kwa ndoo na kumwaga, kwa mkono ule wenye mshipa wa kufungia mashine, ule tunaoambiwa asinyanyulie hata birika.

"Mama, acha mkono!"

"Unanitazama nini? Funga!"

Nikafunga. Tukachota wote wawili. Alikuwa akihema, na katikati ya kuhema akasema, "Kaki hii ni ya shule gani? Maana haichuji rangi." Nikaanza kucheka nikilia. Tishari la wachimba mchanga likatuona, likatuvuta mpaka gatini. Nahodha wake alikuwa anatikisa kichwa njia nzima.

Tulichelewa. Mashine yake alikwishapewa mwingine, tukangoja benchi mpaka jioni, mama na nguo zenye maji. Mkono ulivimba lakini mshipa haukuharibika. Daktari alinisema mbele za watu, na nilistahili.

Sasa boti ipo juu ya magogo kwenye karakana ya seremala. Mama amerudi kwenye basi. Wiki iliyopita aligoma kwenda. Alivua viatu akavisukuma chini ya kitanda, akasema barabara imeshamsafisha vya kutosha. Miguu imevimba na usiku hapumui vizuri. Nimembembeleza kama mtoto ndipo akaenda Jumanne hii.

Seremala anajua milango na vitanda. Boti hajawahi kugusa. Mimi najua pindo na vifungo.

Njoo.


20 Julai

Mdogo wangu,

Barua yako ninayo mfukoni. Ninachokijua mimi ni boti, kwa hiyo naanza na boti.

Mwambie seremala akate faiba kwa ndani, si kwa nje. Ile ya nje iachwe ndiyo itakuwa kalibu yenu. Mtoe ubao wote uliooza mpaka kwenye mbao kavu. Mtakuta tundu ambalo mwenye boti wa zamani alilitoboa kufunga kitu chake akaliacha wazi, maji yaliingilia hapo. Muiache boti ikauke juani, na msidanganyane kwamba imekauka. Ubao mpya uwe wa matabaka, ule usioogopa maji, vipande viwili vilivyogandishwa kwa gundi ya faiba, vibanwe usiku kucha. Mfunike kwa nguo ya faiba na gundi, tabaka juu ya tabaka. Na kila tundu la boliti lipakwe gundi ndani kabla boliti haijaingia.

Nguo ya faiba inakatwa kama nguo nyingine yoyote. Hapo wewe utamfundisha yeye.

Mama asikose mashine. Mkodie gari, mbebe mgongoni, mdanganye, ila asikose.

Kuhusu neno lako la mwisho, meli yetu inang'oa nanga karibuni na ruhusa ni ngumu.

Kaka.


6 Agosti

Kaka,

Leo sianzi na shikamoo.

Nimezitandaza barua zako kwenye meza ya kukatia. Muhuri wa posta ni wa mji mmoja, tangu Machi mpaka Julai. Meli gani hiyo isiyotembea? Imeota mizizi?

Ubao mpya wa boti umekamilika. Mpwa wako wa ndevu, maana siku hizi ndivyo ninavyomwita, alisimama juu yake akaruka mara nyingi seremala akimtazama kwa woga, haukulia. Nguo ya faiba niliikata mimi. Inawasha mikono hadi leo. Tulipokata faiba ya ndani tulikuta tundu ulilolisema, limeachwa wazi vilevile.

Mama amejua kwamba unajua. Kesho yake akaniita, akasema niandike kama anavyosema nisiongeze kitu:

"Mwambie ale. Mwambie mimi si maiti wala si mtoto. Kama anakuja kunitazama, abaki hukohuko. Kama anakuja kufunga injini, aje, kwa sababu huyu dada yake na seremala wamekwishaanza kubishana boliti inaingilia upande gani."

Ndivyo alivyosema.


24 Agosti

Mdogo wangu,

Meli yetu iliuzwa chuma chakavu mwezi wa kwanza. Tulishushwa na mabegi yetu, tukapeana mikono, kila mtu njia yake. Niko kwenye bweni la mabaharia. Chumba kina vitanda vinne, dirisha linatazama ukuta wa ghala la barafu. Kila asubuhi naenda kusimama kwenye ofisi wanakoita wafanyakazi wa meli, nasikiliza majina ya wengine. Nikirudi nalala, na silali. Kitanda kimetulia mno. Naamka saa za zamu, nazunguka koridoni kukagua mabomba ya bafuni kana kwamba ni yangu. Msimamizi amenikataza.

Ungeniuliza kwa nini sikuja nyumbani tangu hapo. Siku ya kwanza nikija ni furaha, ya pili ni maongezi. Ya tatu mama ananiona ninavyotazama mlango. Anaanza kunifungia chakula cha njiani kabla mimi mwenyewe sijajua kama naondoka. Hicho ndicho nilichokuwa nakikwepa, kile kifurushi. Na sasa unaniambia anaumwa, na mimi najijua. Naogopa nitatazama mlango hata akiwa anaumwa.

Juzi jina langu limeitwa. Meli ya mizigo, inaondoka mwisho wa Oktoba. Nimesema ndiyo kabla hawajamaliza kulitamka.

Kabla ya hapo nakuja. Sisemi nitakaa, nisije nikawa mwongo tena. Msifunge injini. Boliti inaingilia nje kwenda ndani, na seremala ndiye aliyekosea, nina hakika bila kumwona.

Kaka yako.


11 Novemba

Kaka,

Shikamoo. Sijui barua hii itakupata bandari gani, nimeituma ofisini kwao kama ulivyoelekeza. Huku wote wazima. Seremala anakusalimu, bado anasema wewe ndiye uliyekosea. Sasa amepata kazi mbili za boti na anawaambia watu ni ujuzi wa ukoo. Wapwa zako wamegombea koti ulilowaachia mpaka nikalikata nikatoa makoti mawili. Shemeji yako alirudi mwisho wa mwezi, akatembezwa kwa boti, akatapika. Barabara wanasema itaisha mwakani. Mwaka jana walisema hivyohivyo.

Ulipoondoka mama alikaa mlangoni mpaka chai ikapoa. Baadaye akasema, "Wiki tano. Angalau safari hii alitandika kitanda," akaingia ndani. Nilikuwa na hasira na wewe, nisikufiche. Niliipeleka hasira kwenye injini, nikaisugua mpaka inang'aa.

Inakwenda, kaka. Inakwenda kama ulivyoiacha. Mama hajakosa mashine hata mara moja tangu uifunge injini. Miguu imepungua, amerudi kuvaa viatu vyake vyeusi. Daktari anasema haponi, lakini yuko imara, na kwa ugonjwa huu tuseme asante.

Ila nina la kukueleza, sijamwambia mtu mwingine.

Ijumaa iliyopita ziwa lilikuwa kama kioo. Tumefika katikati, mama akageuka kutoka mbele anapokaa siku zote, akasema, "Sogea." Nikadhani anataka kivuli. Akaja akakaa kwenye nafasi yangu, akashika mkono wa injini.

"Mama, unajua kuendesha?"

"Nimewatazama wote wawili tangu Septemba. Wewe unaikaba kama kuku anayetaka kutoroka. Kaka yako anaishika kama yai. Ni kitu cha kuwekea mkono tu."

Na akaweka mkono, ule mzima. Tukaenda sawa, pua haikuyumba. Gati la hospitali likaja, nikamwona muuguzi amekwishatoka na kiti cha magurudumu anatungoja. Mama hakupunguza. Nikasema, "Mama, gati lile." Akasema, "Nimeliona." Tukalipita. Muuguzi akapunga mkono, halafu akapunga yote miwili, halafu akaishusha.

Tukaenda mpaka ile rasi yenye mawe, tukaizunguka. Nyuma yake hakuna kitu, kaka. Mawe, ndege weupe, na shati la mtu limesahauliwa juu ya kichaka. Mama akapunguza moto mpaka boti ikawa inaelea tu. Akatazama. Uso wake ulikuwa ule ule wako unapotazama mlango, macho yamekwenda mbele mwili umebaki. Mimi siku zote nilidhani uliurithi kwa baba.

"Tangu niolewe naamka naiona rasi hii," akasema. "Nilikuwa nawalea ninyi, nawapikia, nawafulia, huku najiuliza nyuma yake kuna nini. Sasa nimeona. Haya, twende wakanichome sindano zao."

Muuguzi alitugombeza mpaka tukaingia mlangoni. Mama alimsikiliza kwa adabu, akampa mkono wa mshipa, akalala kwenye mashine akatabasamu na dari.

Leo Jumanne ameniamsha yeye. Amekwishavaa, blanketi ameliacha kitandani, na tangi amelibeba mwenyewe mpaka mlangoni ingawa amekatazwa. Anasema tutoke mapema, mashariki ya visiwa kuna upande hajauona. Naandika haraka, ananiita tena.

Mdogo wako.